Fundi Wake Ni Nani?



Limeingia majumbani mwetu siku hizi swali ambalo wazee wetu hawakupata kuulizwa. Kijana amaliza masomo yake, awaketisha wazazi wake baada ya sala ya isha, na badala ya kutaja ualimu, uuguzi au duka, asema kwamba moyo wake umependa kazi ya filamu na televisheni. Baba hukunja uso. Mama huinamisha kichwa. Kisha huitwa mjomba aje aseme naye. Mimi nimekuwa mjomba huyo katika nyumba ya dada yangu, na jambo lenyewe nimelitazama kwa karibu muda wa miaka 6. Kwa hiyo naomba nafasi katika kurasa hizi niseme niliyoyaona.

Aghalabu swali tunalouliza ni hili: "Kazi hii yafaa ama haifai?" Ni swali la haki, na kila nyumba ina mwanachuoni wake wa kumwendea. Wino ule ule huandika wasia na huandika uzushi, na kamera nayo hali yake ni hiyo. Yapo yasiyojuzu kupigwa picha wala kutazamwa, na yapo mambo ya elimu, ya historia na ya maisha ya watu ambayo yakielezwa vizuri hunufaisha. Lakini hata nyumba iliyokwisha kutosheka kwamba katika kazi hii mna njia ya halali, bado imebakiwa na swali la pili, nalo ndilo nisilolisikia likiulizwa. Swali hilo ni: "Fundi wake ni nani?"

Nitaeleza kwa nini nalishikilia. Mimi ni mshonaji wa kanzu. Niliingia katika duka la fundi wangu hapa Unguja nikiwa na umri wa miaka 15, na mwaka mzima sikukata kitambaa. Nilifagia, nilitia makaa katika pasi, nilitunga uzi sindanoni, na saa nyingine zote nilikaa ubavuni mwake nikiutazama mkono wake unavyoizunguka shingo ya kanzu. Siku aliponipa kitambaa cha kwanza nikikate hakunieleza neno, kwani macho yangu yalikuwa yamekwisha kufunzwa. Nilipohitimu, baba yangu alimpelekea kilemba chake, kama ilivyokuwa ada ya pwani kwa mafundi wa kila namna, waashi, maseremala na waunda vyombo. Elimu ya dini yenyewe imetufikia kwa njia hiyo hiyo. Mwanafunzi alisoma kitabu mbele ya sheikh, na sheikh alikuwa amekisoma mbele ya sheikh wake, na ijaza ilitolewa na mtu aliyemjua mwanafunzi kwa uso wake na kwa adabu yake. Kitabu kilikuwapo, lakini mtoto hakuachwa peke yake na kitabu.

Sasa, kazi ya filamu ni kazi ya namna gani? Wengi wetu tulio nje yake hudhani kuwa ni kazi ya wale wachezaji tunaowaona. Hao ni wachache. Yuko mwongozaji anayeamua kila jambo liende vipi, na msaidizi wake anayepanga saa na watu. Wako wa kamera, wa taa, wa sauti na wa mavazi. Yuko mtu ambaye kazi yake yote ni kukumbuka kwamba katika picha iliyopita kikombe kilishikwa kwa mkono wa kushoto. Na mwisho yuko mhariri, aketiye siku nyingi akizikata picha hizo na kuziunga mpaka ziwe hadithi. Kila moja katika kazi hizo ni ufundi kama useremala ulivyo ufundi.

Vyuo vyake vipo. Nairobi, kwa mfano, pana Chuo cha Mawasiliano ya Umma cha Kenya kilichoanza mwaka 1961. Lakini kijana atokaye chuoni na cheti chake hujikuta amesimama mlangoni, kwa sababu kazi hizi hutolewa kwa kufahamiana. Mwongozaji humwita mpiga picha anayemwamini, na mpiga picha huja na wasaidizi wake aliokwisha kuwajaribu. Asiyekuwa na wa kumshika mkono hubaki nje. Na simu zimeongeza udanganyifu mwingine: kijana aona kamera i mfukoni mwake, na programu ya kuunga picha i ndani ya simu ile ile, adhani basi hana haja ya mwalimu. Cherehani nayo huuzwa kwa mtu yeyote mwenye fedha.

Binti wa dada yangu alipenda sauti. Kisiwa chetu si kigeni wa mambo haya. Televisheni ya Zanzibar ilianza katika miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Na tamasha letu la kimataifa la filamu lilifanyika mara ya kwanza mwaka 1998, likawa laonyesha picha zake usiku katika Ngome Kongwe. Huko ndiko alikokwenda na shangazi zake akiwa bado mwanafunzi. Wenzake walirudi wakizungumza juu ya nguo za wachezaji. Yeye alinijia dukani asubuhi yake akaniuliza: "Mjomba, yule mzee alikuwa akinong'ona naye yuko mbali, mwisho wa ua. Sauti yake imetufikiaje sisi?" Sikuwa na jibu, lakini niliweka sindano chini nikamtazama, kwani nalijua swali la namna hiyo. Ndilo swali la mtoto ambaye mkono wake umekwisha kuchagua kazi.

Alipotimiza miaka 19, ofisi moja katika mji mkubwa wa Bara ilitangaza kwamba yatafuta vijana wa kuwalea katika kazi ya filamu. Aliandika, akakubaliwa, akaenda kukaa kwa jamaa zetu. Miezi 4 alikuwa huko. Alibeba nyaya, alichemsha chai, aliosha vikombe na alilipa nauli yake mwenyewe. Kubeba nyaya si aibu, nami nilifagia. Lakini mimi nilifagia ubavuni mwa fundi, na nilipoinua kichwa niliuona mkono wake. Yeye alipoinua kichwa hakuona mkono wa mtu. Hapana hata mmoja aliyeketi naye akamwambia: sikiliza hiki, shika hivi. Filamu ile ilipotoka, jina lake halikuwamo katika majina ya waliofanya kazi.

Hayo yote yangevumilika. Lililokuwa halivumiliki ni kwamba mkubwa mmoja wa pale alianza kumpigia simu saa 4 na saa 5 za usiku, akimwambia kwamba mazungumzo ya maana ya kazi hufanywa faragha, na kwamba wote walioendelea wameendelea kwa njia hiyo. Alipokataa aliambiwa kuwa hana moyo wa kazi. Akapanda boti akarudi nyumbani. Wiki 3 hakusema neno, kisha akamweleza mama yake, na mama yake akanieleza mimi.

Shemeji yangu ni mtu mpole. Siku ile alisema neno moja tu: "Basi." Alitaka binti aingie katika mafunzo ya uuguzi, na mazungumzo ya filamu yasirudi tena nyumbani mwake. Mlango uliofunguliwa mwanawe kwa namna ile, baba yeyote mwenye akili angeufunga. Nikamwambia kwa taratibu: "Shemeji, lau binti angekwenda kufunzwa cherehani na mtu muovu, tungesema cherehani ndiyo mbaya?" Akanitazama, akanijibu: "Fundi wa cherehani ungenitafutia wewe, kwani wawajua wote. Wa kazi hii, ni nani atakayenitafutia?"

Ndugu wasomaji, hilo ndilo tatizo lenyewe, na shemeji alilisema kwa maneno machache kuliko yangu. Katika kazi tulizozizoea, nyumba humjua fundi, au humjua mtu amjuaye. Katika kazi hii nyumba haimjui mtu, na kwa hiyo kijana huenda peke yake. Anayekwenda peke yake huokotwa na wa kwanza aliyemwona. Na tukisema, basi asiende kabisa, wako watakaotii, na wako watakaokwenda kwa siri; na wanaokwenda kwa siri ndio hasa wasioweza kurudi kumweleza mama.

Nikaanza kuuliza na kusoma: hawa waliofika, walifikaje? Nikaona kwamba karibu kila mmoja ana mtu nyuma yake. Nairobi, mwongozaji wa Kijerumani Tom Tykwer na mkewe Marie Steinmann walishirikiana na watayarishaji wa huko huko kuanzisha mafunzo ya vijana wa Kiafrika. Kwanza palitengenezwa filamu moja katika mtaa wa Kibera, Soul Boy, iliyoongozwa na Hawa Essuman na kutoka mwaka 2010. Kisha ukawekwa utaratibu wa darsa, kila kundi la vijana na mwalimu aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka: wa kamera kwa wa kamera, wa sauti kwa wa sauti, wa uhariri kwa wa uhariri. Baada ya darsa vijana walitengeneza filamu yao wenyewe, na walimu wakisimama karibu. Ndivyo ilivyopatikana Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, nayo ikawa filamu ya kwanza kupelekwa na Kenya kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Hadithi yake ni ya wezi wa mjini, na sikusudii kuisifu mbele ya watoto. Ninachokitaja ni utaratibu wake wa malezi: kijana ndiye mwenye kushika kazi, na fundi yu ubavuni mwake.

Kampala nako, mwongozaji Mira Nair, mzaliwa wa India, alianzisha katikati ya miaka ya 2000 darsa liitwalo Maisha kwa ajili ya vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda. Huyu bibi alikuwa na mazoea ya kufunza kabla ya kutumia. Alipotengeneza Salaam Bombay! ya mwaka 1988, watoto wa mitaani waliocheza humo aliwakusanya kwanza na kuwafunza, ndipo kamera ikawashwa. Na mwaka 2018 kampuni ya MultiChoice ilifungua vyuo vyake vitatu, Nairobi, Lagos na Lusaka, kila kimoja kikichukua vijana 20 kwa mafunzo ya miezi 12.

Wakati mwingine malezi ni neno moja tu lililosemwa kwa uaminifu. Filamu ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, ilipopigwa Kenya, msichana wa Kikenya aitwaye Lupita Nyong'o alikuwa miongoni mwa wasaidizi wadogo wa kutumwa huku na huko. Mchezaji mkubwa wa Kiingereza, Ralph Fiennes, aliposikia kwamba naye ataka kuwa mchezaji, hakumpamba kwa ahadi. Alimweleza kuwa kazi hii ni ngumu, na kwamba asiingie ila akiona hawezi kuishi bila yake. Msichana yule alikwenda akasomea kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka 2014 akapata tuzo ya Oscar. Mlinganishe mtu yule na yule wa simu za usiku. Mmoja alimwonyesha kijana uzito wa mzigo, mwingine alimficha.

Lakini mfano ulioingia moyoni mwa shemeji yangu ulikuwa wa Mwislamu mwenzetu. Moustapha Akkad alizaliwa katika mji wa Halab, Shamu, mwaka 1930. Katika miaka ya 1950 alisafiri kwenda Marekani kusomea filamu, na kama alivyosimulia mwenyewe, baba yake alimuaga kwa dola 200 na msahafu, kwani hakuwa na zaidi ya kumpa. Alisoma Los Angeles. Baada ya masomo, mwongozaji Sam Peckinpah, aliyejulikana kwa filamu za wachunga ng'ombe wa Kimarekani, alimtafuta amsaidie katika filamu juu ya vita vya Algeria. Algeria ikapata uhuru wake mwaka 1962 na filamu ile haikutengenezwa, lakini Peckinpah hakumwacha. Aliendelea kumwongoza na kumtia moyo.

Akkad ndiye aliyetengeneza The Message ya mwaka 1976, juu ya kudhihiri kwa Uislamu, ambayo ilipigwa Morocco na Libya. Aliitengeneza mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, kila lugha na wachezaji wake. Bwana Hamza akachezwa na Anthony Quinn katika ile ya Kiingereza na Abdullah Gaith katika ile ya Kiarabu; wala Mtume (S.A.W.) haonekani humo, wala sauti yake haisikiki. Wanavyuoni walikhitilafiana juu ya filamu ile, na ikhtilafu zao si kazi yangu kuzikata. Mwaka 1981 ikafuata Lion of the Desert, juu ya Umar Mukhtar wa Libya. Pia alikuwa mmoja wa watayarishaji wa filamu za kutisha ambazo mimi sizipendi. Mwaka 2005 aliuawa yeye na binti yake katika mashambulio ya mabomu huko Amman, Jordan. Shemeji aliposikia habari hizi alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Baba yake alimpa alichokuwa nacho." Nikamwambia: "Naam, na ufundi akaupata kwa mtu mwingine. Nyumba ilimpa mipaka, fundi akampa kazi. Kimoja hakitoshi bila ya chenzake."

Fundi wa binti yetu alipatikana mahali ambapo hatukudhani. Wasomaji mwajua kwamba katika harusi za pwani ziko shughuli za wanawake peke yao, na mwenye kupiga picha humo hana budi awe mwanamke. Kwa hiyo majumba yetu haya haya, yanayoogopa kamera, ndiyo yaliyowapa kazi wanawake wengi wapiga picha. Dada yangu alikumbuka mama mmoja wa Mombasa aliyepiga picha harusi ya jamaa yetu, akasikia kwamba tangu hapo amejifunza kunasa sauti za filamu, na kwamba huitwa hata nje ya Kenya. Akampelekea maneno. Jibu lilikuwa hili: "Nitakuja kwenu kwanza, ndipo binti aje kwangu."

Alikuja kweli, siku aliyokuwa na kazi yake Unguja. Tulipokwisha kunywa kahawa, kabla sisi hatujamuuliza neno, alimgeukia binti akamwambia: "Mwanangu, funga macho. Niambie wasikia nini humu ndani." Binti akafumba macho. "Friji," akasema. "Feni, ubawa wake mmoja umelegea. Bomba lavuja uani. Muuza kahawa apita nyuma, amekwisha kupinda kona." Akanyamaza kidogo. "Na tasbihi ya baba." Shemeji akautazama mkono wake, kama mtu aliyeshikwa na kitu. Yule mama akacheka akasema: "Huyu nitamchukua, mkiniruhusu."

Ndipo tukauliza. Dada yangu aliuliza binti atalala wapi, na kazi ikiisha usiku atarudi na nani. Mama yule akasema atalala nyumbani kwake pamoja na binti zake, na hatarudi usiku ila pamoja naye. Shemeji akauliza juu ya sala. Akajibiwa: "Mimi huiomba ratiba siku moja kabla, nikajua nitasali saa ngapi na wapi. Miaka yote hii sijanyimwa. Lakini sikuahidi kwamba kazi itasimama kwa ajili yake. Ni yeye atakayejipanga." Nikauliza juu ya malipo. Akasema miezi 3 ya mwanzo atampa chakula na nauli, na baada ya hapo fungu katika kila kazi. "Na jina lake litaandikwa," akasema, "hata kama alichoshika ni ufito tu." Jibu lile la sala lilimpendeza shemeji kuliko mengine yote. Angeahidiwa zaidi, asingeamini.

Binti akaenda Mombasa. Wiki 2 za mwanzo hakuruhusiwa kugusa mashine. Alivaa visikilizio masikioni akaketi mahali mbalimbali, uani, sokoni, ufukoni, akiandika katika daftari kila alichokisikia na saa yake. Kisha alifunzwa kushika ufito mrefu wenye maikrofoni juu ya vichwa vya wachezaji, mikono juu, bila ya kivuli chake kuingia katika picha. Alifunzwa kwamba mvua juu ya mabati haikatwi na mashine yoyote, kwa hiyo mwenye akili huliangalia wingu kabla ya kuanza. Alifunzwa jambo ambalo mimi lilinishangaza: wakimaliza kupiga picha katika chumba, wote husimama kimya, na ukimya ule hunaswa nusu dakika au zaidi. Kila chumba kina ukimya wake, na mhariri huutandika chini ya maneno ili sikio lisisikie mahali yalipoungwa. Na alizijua adhana za misikiti yote ya mtaa, upi hutangulia na upi hufuata. Fundi wake hakupata kuiita adhana kelele. Alimwambia huo ni wakati wa mashine kupumzika.

Liko jambo moja ambalo wazazi wa mabinti wanapaswa kulijua. Maikrofoni ndogo hufichwa ndani ya nguo za mchezaji, karibu na kifua. Pasipo mwanamke katika kazi ya sauti, mwanamke mchezaji hufungwa chombo kile na mwanamume asiyemjua. Fundi wa binti yetu hulisimamia hili kila aendapo: wanawake hufungwa na wanawake, nyuma ya pazia. Katika kazi moja aliambiwa kuwa achelewesha watu. Akaendelea kufunga taratibu, na binti akimtazama. Hilo halimo katika kitabu cha ufundi wa sauti nilichokiona, nalo binti amelishika kama alivyoushika ufito.

Sitaki kumpamba msomaji. Kazi hii haina mshahara wa mwezi; ipo miezi ya neema na ipo miezi mitupu, na binti huyu mara mbili amerudi Unguja akanisaidia kudarizi mpaka alipoitwa tena. Shemeji bado angependelea uuguzi, na husema hivyo waziwazi. Lakini husema naye yuko mezani na binti, na binti humjibu, na kila mmoja ajua mwenziwe yuko wapi.

Kwa hiyo, mzazi ambaye mwanawe amemletea maneno haya, namnasihi afanye kama anavyofanya mposaji anapobisha hodi: achunguze. Kwanza, fundi huyo ana kazi gani zilizokwisha kuonekana, na jina lake limo? Pili, wanagenzi wake wa zamani wako wapi sasa, na wasemaje wakiulizwa faragha? Tatu, binti au kijana atajifunza kazi ipi hasa, kwa muda gani, na nini kimeandikwa juu ya malipo na jina lake? Nne, ni nani mwingine atakayekuwapo, na kazi ikiisha usiku atarudije? Tano, fundi huyo yuko tayari kuja nyumbani, au walau kuzungumza na wazazi? Anayesema kwamba wazazi hawana haja ya kujua, amekwisha kujieleza. Na mzazi asiyemjua mtu katika kazi hii aanzie kwa anaowajua: mpiga picha wa harusi ya jirani, mtangazaji aliyetoka mtaani, mwalimu wa chuo. Mtu humfikisha mtu kwa mtu.

Nawe kijana, fundi akipatikana, mpe haki yake. Fika kabla yake, ondoka baada yake, usiitoe nje siri ya kazi yake, wala usidharau mwaka wa kufagia. Lakini ukiona umefagia mwaka mzima na hapana mkono wa kuutazama, au ukiitwa faragha usiku, rudi nyumbani na useme siku ile ile. Nyumba yenye heri haitakulaumu kwa kurudi.

Na nyinyi mliokwisha kufika, mlio na kamera zenu na jina lenu, mnayo deni. Hapana aliyezaliwa na ufundi huo mkononi. Mchukueni mmoja. Nasi wenye majumba tunao uwezo zaidi ya tunavyodhani, kwani sisi ndio tunaowaajiri wapiga picha kila msimu wa harusi. Tunapokubaliana bei na mpiga picha, tumuulize pia ni nani anayemfunza, na tumkaribishe aje na mwanagenzi wake. Na chakula cha mwanagenzi huyo kiwe juu yetu. Kilemba cha fundi kiliwahi kuwa jambo la mtaa mzima katika miji hii. Hapana kinachotuzuia kukirudisha.

Na tawfiki ni kwa Mwenyezi Mungu.